Hekalu Bovu la Bwana Wexcombe

Wexcombe, 4 Mei 1788

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila chakula hakishuki.

Hekalu la Kirumi nililoitwa kulichora kwa rangi za maji ni jipya. Bwana amelijenga bustanini likiwa limeshabomoka: nguzo nyingine zimesimama, nyingine zimelazwa majanini. Mawe ni ya nyumba za kijiji cha Nether Combe. Aliwafukuza watu wote, eti mapaa yao yanaharibu mandhari. Wageni huja kulisifu kwa ukale wake.

Mwanao,
Kezia

12 Mei

Kezia mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kile kile, nashukuru napumua. Vumilia, picha hiyo itakufungulia nyumba za wakubwa. Lakini Obadia Pym alikuwa wa Nether Combe, yuko wapi? Homa ilipoingia kwetu majirani walifunga milango. Yeye ndiye aliyemwosha baba yako na kumzika. Mtafute.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimempata, yumo ndani ya hekalu. Bwana amemweka kwa ujira ajifanye mtawa wa kale, wageni wamtazame: alale kwenye majani makavu, asinyoe, asioge, asikate kucha, asiseme na mtu. Nilimnusa kabla sijamwona. Kucha za miguu zimejikunja zikamwingia nyamani, na kidonda kina funza. Nilitapika nyuma ya nguzo.

Bwana alikuja na wageni, leso puani. "Mchore na huyo," akasema. "Mwongeze uchafu ndevuni, unampendeza."

Bibi mmoja akamtupia ganda la chungwa aone kama atalila. Alilila, Mama. Wakacheka.

Walipoondoka nikamtajia jina lako. Akanong'ona, "Hesta bado ana ule mdomo wake?"

Nifanye nini?

Mwanao,
Kezia

27 Mei

Kezia,

Leo sina salamu. Mlete.

Mama yako

Njiani, 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Tunakuja, tumepakiwa kwenye mkokoteni wa nyasi. Nilimwosha Mzee Obadia katika ziwa la bustani mchana kweupe, wageni wakinywa chai ng'ambo. Maji yaligeuka meusi. Bwana akaja mbio, akafoka kwamba nimemharibia mtawa wake. Nikamwambia, "Kaa wewe basi, Bwana. Majani bado yana joto." Picha niliichana mbele yake.

Mzee anaongea tangu asubuhi, hanyamazi. Langoni tulipishana na wazee wawili wa Nether Combe, wamekuja kuomba nafasi yake. Wameshaacha kunyoa.

Mwanao,
Kezia