Safari Tatu za Golden Valley

Jumatatu, 8 Septemba 2014
Mabasi mawili, tena. Suti ileile, bahasha mpya. Nimefika kwenye kampuni ile ya Golden Valley kwa mara ya tatu kufuatilia ombi langu la kazi ya uhandisi. Dada wa mapokezi hakunikaribisha kiti. Nilisimama dakika arobaini. Waone kwamba nina nia.

Kibali changu cha kukaa huku ughaibuni baada ya chuo kinaruhusu siku tisini bila kazi ya fani niliyosomea. Zimebaki kumi na nane. Zikiisha, narudi Mbeya.

Alhamisi, 11 Septemba
Barua pepe, mistari minne. Nilikuwa miongoni mwa watu wawili waliochaguliwa kwa usaili. Nimeondolewa. Wanaomba nisifike tena ofisini bila miadi. Nimewatia hofu wafanyakazi.

Hofu! Mimi, na bahasha yangu.

Dada Neema, binamu yangu ninayeishi naye hapa Columbia Heights, alicheka mpaka akaketi sakafuni.
"Ulidhani uko halmashauri, mhandisi? Huku ukimfuata mtu mara tatu anaita polisi."
Nyumbani, asiyefuatilia faili lake hulikuta chini ya rundo. Baba alipata ajira yake kwa kukaa kwenye benchi la ofisi wiki nzima. Nilifanya kila nilichofundishwa. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 17 Septemba
Zimebaki siku tisa. Maombi yote kwa kompyuta. Kimya.

Ijumaa, 19 Septemba
Neema amezungumza na Mama Furaha, Mkongomani tunayesali naye. Anasimamia wakaguzi katika kiwanda cha vali za mabomba huko Fridley. Ukaguzi wa vipimo. Ni fani yangu, kibali kitaukubali. Ila wenzangu darasani wanachora mitambo. Mimi nitapima ya wengine. Nimeudhika. Nimetuma maombi.

Jumatatu, 22 Septemba
Usaili ulichukua dakika kumi na tano. Nilibeba vyeti vyote, na nakala zake. Meneja hakuvifungua. Mama Furaha alinisindikiza mlangoni.
"Diplome utaiacha kwa nyumba, mwanangu. Hapa leta macho na viatu ya chuma."
Watapiga simu. Mara mbili leo nimevaa koti niende kuuliza. Neema ameficha viatu vyangu.

Jumanne, 23 Septemba
Wamepiga. Naanza keshokutwa. Niliwashukuru kwa maneno mengi kupita kiasi. Baba ameshawatangazia majirani kwamba mimi ni mhandisi mkuu. Sikumsahihisha. Aibu.

Alhamisi, 25 Septemba
Zamu ya asubuhi. Vali za shaba, bakuli baada ya bakuli. Kabla ya chakula cha mchana niliikataa moja. Kipenyo kimezidi kidogo sana. Mama Furaha akaichukua, akaipima mara mbili, akaitupa kwenye pipa la mbovu. Akanisogezea bakuli lililofuata na kwenda zake.

Nikaendelea kupima.