Kwa Baba Albano, Aliyekataa Kuupaka Mti Rangi

Mwaka umepinduka, Baba, tangu tukulaze hapa Temeke, mbali na Newala kwenu. Gogo ulilokalia ukichonga bado lipo uani. Kuku wa binti yako Margareta wamelifanya kitanda.

Ulikuwa mtu wa mpingo mtupu. Mzungu akija kununua kinyago, ulikitumbukiza kwanza kwenye ndoo ya maji kizame mbele ya macho yake, maana mpingo hauelei. Watu walikucheka: muuzaji gani huyu anayeilowesha mali yake? Ulicheka nao, kisha ukachota maji mengine.

Jirani yetu Romani, uliyemfundisha wewe kushika tezo, alichonga miti myeupe, akaipaka rangi ya viatu na kuiuza bandarini kwa jina la mpingo. Akaezeka bati. Makuti yetu yakazidi kuvuja. Mkeo Eufrazia, mama yetu, aliponung'unika ulimwambia, "Mama Margareta, Neno la Mungu linatukataza kumwonea kijicho mtenda maovu. Hao ni kama majani mabichi, kiangazi kitawakausha."

Tuseme kweli, Baba: kiangazi hakijafika. Romani ana gramafoni sasa, na Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, humpungia mkono. Inatuuma. Tunasali, lakini tunasali na uchungu wetu.

Juma lililopita, tukijiandaa kwa misa yako, Romani alituletea mbuzi mnono wa karamu. Mama alimshukuru, akamrudishia kamba mkononi. Fransis, kitindamimba wako, akasimama.

"Mama, mie nimechoka na mihogo! Baba kawa mwema, kafa maskini. Mbona huyu anashiba?"

"Sijui, mwanangu," Mama alisema. "Hata mie namuuliza Mungu. Ila mbuzi huyu simli."

"Basi mie nitamla."

Akaipokea ile kamba, akamfuata Romani. Mpaka leo yuko kwake, anapaka rangi. Misa ilisomwa bila yeye. Tulikula kunde, na Mama hakumaliza sahani yake.

Tunaokukumbuka ni mkeo Eufrazia, binti yako Margareta, nduguyo Gregori, na mwanao Fransis. Gregori alitaka jina hilo la mwisho tuliache. Mama amekataa katakata: huyo bado ni mtoto wa Albano, na mlango wetu haujafungwa.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Mwombee.