Kadi Tumeiona

Wawi, Pemba

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Unasema umeacha kazi ya benki ili uyaandalie makampuni shughuli zao, umewaandikia barua pepe wakubwa wote wa Dar es Salaam, na hakuna anayekujibu. Unaniuliza mimi nilianzaje kazi hii hii.

Nilianza vibaya. Kampuni ya mwani ilipofungua ghala Mkoani, nilikabidhiwa shughuli nzima. Nikachapisha kadi za rangi ya dhahabu, nikazituma kila nyumba. Siku ikafika, meneja kasimama mlangoni na suti yake, pilau tayari, viti vitupu.

Nikakimbilia kwa Bi Mize, kiongozi wa wakulima wa mwani. Nikamkuta barazani anapeta mchele, kadi yangu kaiweka vizuri kando yake.

"Bi Mize, mbona hamji?"

"Kadi tumeiona, mwanangu, nzuri. Lakini hapana aliyekuja kutualika."

Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikawaulizia wanawe mmoja mmoja, ndipo nikamwalika. Akajitanda kanga yake, tukapita pamoja nyumba kwa nyumba. Kufika alasiri, viti havikutosha.

Tangu siku ile sijatuma kadi kabla miguu yangu haijatangulia.

Na ule ujumbe wako wa simu, wa mwaliko wa shughuli ya kuifungua kazi yako, nimeuona. Mzuri, una hata maua.

Bibi yako,
anayesubiri kualikwa