Picha za Baba

Logan, Brisbane
3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kuinua wazee wa watu kutwa nzima. Baba anaendeleaje? Nauliza, ingawa nimeshamwona. Nimemwona mtandaoni, mimi na watu wengine mia nne, kwenye picha ulizoweka: mdomo umepinda, uji unamtiririka kidevuni, nawe umeandika, “Tumwombee.” Nilikuwa kazini. Mwenzangu akachungulia simu: “Huyo nani?” Nikasema simjui. Mama, nimemkana baba yangu.

Hapa nikimpiga picha mzee hata mmoja, nafukuzwa siku hiyohiyo. Na Baba, aliyeongoza kwaya miaka thelathini, hakuwahi hata kutoka uani bila kuchana nywele. Nakuomba uzifute. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu wewe huwasomea majirani.

Mwanao, Lupe

Neiafu, Vava‘u, Tonga
29 Machi

Lupe mwanangu,

Barua nimeipata. Sisi tupo, baba yako yu vilevile. Umenisema kama mtoto, haya. Lakini picha ile ilipotoka kwaya nzima ilikuja. Walileta viazi vikuu, wakamgeuza kitandani, wakamwimbia. Sopu wa jirani akamnyoa ndevu. Nina miaka sabini na moja, nitamgeuza peke yangu? Nilimsomea majina ya waliomwombea, akacheka kwa upande ule mmoja unaocheka.

Hata hivyo nimezifuta zote. Wewe ndiye uliyesomea mambo hayo.

Mama yako

Logan
20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Asante sana. Sasa nakula chakula changu kwa amani. Watu bado wanakuja?

Lupe

Neiafu
2 Juni

Lupe,

Natumaini mgongo umepoa. Watu wamepungua. Si kwa ubaya, wanadhani amepona. Sopu huja Jumatano. Siku nyingine namgeuza mwenyewe.

Mama yako

Logan
17 Agosti

Mama,

Pole. Pole yetu sote. Nilikwambia kwa simu ndege zimejaa hadi Jumanne, nanyi mkazika Jumamosi. Siku hiyo nilivaa nyeusi, nikafunga kiunoni mkeka wa msiba kama desturi yetu, nikakaa jikoni peke yangu nikingoja mrushe mazishi mtandaoni. Hakuna aliyerusha. Nikampigia Sopu, akaniambia, “Mama yako alisimama mlangoni na beseni, akakusanya simu zetu zote. Alisema ndivyo unavyotaka.”

Sikumaanisha hivyo, Mama. Au nilimaanisha, sijui tena. Hakuna mtu aliyeficha hata picha moja? Nitumie. Hata kama amelala kwenye jeneza.

Mwanao, Lupe

Neiafu
9 Septemba

Lupe mwanangu,

Nimechoka, lakini sijambo. Picha hakuna. Nilidhani nakutii.

Siku tatu hizi nimeshika kalamu nikuandikie yalivyokuwa. Nafika kwenye shati lake jeupe, nashindwa. Njoo Krismasi nikusimulie kwa mdomo, polepole. Kaburi bado ni mchanga mtupu. Wenzake wa kwaya wameniletea mawe ya matumbawe wayapange juu yake, nikawaambia wayaache pembeni. Tutayapanga mimi na wewe.

Mama yako