Rimu Zinazong'aa na Mteremko wa Kyondo

Alhamisi, Septemba 2014. Kasese.

Joto la leo halina haya. Milima imejifunika mawingu toka asubuhi, na sisi huku chini tunakaangwa. Nina hasira, na afadhali niimwage hapa kuliko mezani mbele ya watoto.

Jana gari letu lilikataa kusimama.

Nilikuwa nateremka kutoka Kyondo, Mama yangu mzazi amekaa mbele, magunia ya kahawa nyuma. Kwenye kona za juu breki zilishika vizuri. Kufika katikati ya mteremko zikaanza kulegea. Nakanyaga, gari linapunguza mwendo kidogo tu, halafu linaendelea na safari zake. Nakanyaga kwa nguvu zote, hivyo hivyo. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikarudisha gia ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukingo upande wa mlima mpaka likanasa. Upande wa pili lilikuwa bonde na mapaa ya watu.

Mama hakupiga kelele. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, akauliza kama ndiyo tumefika.

Nikampigia simu mume wangu, Baba Mercy. Neno lake la kwanza: "Gari iko sawa?"

Sijamsamehe neno hilo. Huenda nitamsamehe, lakini si wiki hii.

Tulingoja breki zipoe, tukashuka kwa gia ya kwanza hadi tambarare. Jioni Baba Mercy alipofungua magurudumu nikaona pedi mpya za breki ambazo mimi sikuzinunua. Zile laini, zisizotoa vumbi lakini hulegea zikipata moto. Alikuwa amezibadilisha bila kuniambia.

Niseme na upande wake, nisije nikaonekana mkorofi. Gari letu ni jeupe na hukodiwa kwa harusi. Pedi za zamani zilikuwa zinauma vizuri, gari linasimama papo hapo, lakini vumbi lake jeusi lilipaka rimu za mbele kama masizi ya sufuria. Kwenye harusi moja Kinyamaseke, mpiga picha alimsimamisha bibi harusi karibu na gurudumu la mbele, na gauni la kukodi likatoka pale na ukanda mweusi. Tulitukanwa mpaka keki ikakatwa. Tangu siku hiyo Baba Mercy amekuwa akipiga magoti na suti yake, kitambaa mkononi, akifuta rimu mbele ya wakwe za watu huku vijana wanacheka. Mwanajeshi mstaafu, dereva wa malori. Aibu hiyo naielewa.

Lakini mtu aliyeendesha malori ya jeshi anaujua mlima.

"Gari ya harusi inatembea pole pole," aliniambia. "Breki kali ya nini? Mimi nilikuwa dereva, wewe bado iko shule."

Pole pole mjini, sawa. Kwenye tambarare pedi zile zinatosha, sibishi. Lakini Jumamosi tumekodiwa kumchukua bibi harusi huko huko Kyondo, yeye na matroni na shangazi zake, tuwateremshe hadi kanisani hapa Kasese. Gari limejaa watu, mteremko ule ule. Naye Baba Mercy alikuwa anajua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Leo nimekwenda Bwera kwenye duka la spea. Muuzaji, kijana wa kutoka ng'ambo ya mpaka, akaniwekea boksi mbele kabla sijamaliza kueleza.

"Mama, kamata hii. Haina vumbi. Rimu inabakia propre, safi kabisa. Batu ba mariage, ba harusi, banapenda hii."

"Na kusimama?"

"Itasimama."

"Wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia anipe zile chafu, zinazouma hata zikipata moto. Akasema hizo ni za watu wanaobeba mizigo milimani. Nikamjibu kwamba bibi harusi naye ni mzigo, na kwao hawana mwingine.

Baba Mercy amezifunga mchana, mimi nimemsimamia kichwani kama afande. Alipomaliza akauliza, "Sasa Jumamosi nani atapanguza rimu?"

"Mimi," nikasema. Nitapanda na jerikeni ya maji na kitambaa, nipige magoti na gomesi yangu ya sherehe, wacheke wanaocheka.

Nikaona ni haki kumpigia shangazi wa bibi harusi, yule anayeshughulikia magari. Nikamweleza kwamba nimeweka breki za mlima, kwamba zina vumbi, kwamba nitaosha rimu kabla ya picha, ila gauni wasilisogeze karibu na gurudumu. Akanijibu:

"Mama Mercy, hiyo sisi hapana weza. Ile maneno ya gauni ya Kinyamaseke tulisikia. Iko gari ingine, rimu yake safi, hata hawapanguzangi."

Tumeachwa.

Baba Mercy aliposikia alinitazama tu, uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nilitamani kumrushia hata kikombe. Kazi imekwenda, basi, kazi zitakuja nyingine. Kinachonichoma ni kwamba Jumamosi yule msichana atateremshwa Kyondo na gari lisilochafuka rimu kamwe, na ukoo mzima utalisifia, na hakuna atakayeuliza kwa nini halichafuki.

Nimempigia tena yule shangazi kumwambia hivyo. Hapokei. Anadhani nalilia kazi yangu.

Je, nipande kesho niwaambie uso kwa uso, nionekane mwenye wivu katika ua wa harusi?

Nitapanda. Wanifukuze nikiwa nimeshasema.