Nani Anamwogesha Mtoto

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kibarazani, miwani ikiwa puani na si juu ya kabati ambako huwa unaitafuta nusu siku. Magoti yanasemaje? Dada aliniambia kikohozi kimepungua, nikashukuru, ingawa namjua Dada, hupenda kunipunguzia habari mbaya. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako leo ana siku ishirini na tatu. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyapigia kelele.

Nianze na mtoto mwenyewe. Ni msichana, ana kilo tatu na ushee, na masikio kachukua ya kwako, maskini. Kitu cha kwanza mke wangu alichokagua ni miguu, akihofia kukuta ile tunayoiita soksi yangu, alama nyeupe ya mguu wa kushoto ambayo marehemu Mama alisema nilizaliwa nayo. Hakuikuta. Miguu yote miwili ilikuwa safi kabisa, na sote tukapumua, tukacheka.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Mshono bado unamvuta, hawezi kuinama wala kunyanyua beseni, na mama yake anaumwa, hakuweza kuja. Mimi nimepewa likizo bekarini, basi kazi ya kumwogesha mtoto ikaniangukia. Bila shaka unakumbuka siku nilipokupigia simu kukupa habari za kuzaliwa kwake. Hukuuliza uzito wala sura. Uliuliza jambo moja tu, nani anamwogesha mtoto. Nilipojibu kuwa ni mimi, ukamwachia Dada simu. Nilikasirika, Baba, sikufichi. Nilijisemea kwamba ni yuleyule, hata mjukuu hana haja naye.

Muuguzi aliyeturuhusu kutoka wodini, mama mmoja mwenye sauti ya gwaride, alinikaririsha maelezo mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nifunge madirisha. Taulo, sabuni na nguo viwe karibu, maana nikishamshika mtoto hakuna kwenda kufuata kitu. Maji ya baridi yatangulie, ya moto yafuate kidogo kidogo, nikoroge, yasipite kina cha vidole vinne. Nipime kwa kiwiko, si kwa mkono. Mkono mmoja ukae chini ya shingo. Na hata nyumba ikishika moto, alisema, nisimwache peke yake majini hata kwa kufumba na kufumbua, nikimbie naye.

Kitovu kilidondoka siku ya tisa. Mpaka hapo tulikuwa tukimfuta tu kwa kitambaa, na hata hilo lilinitoa jasho. Siku ya kumi nikamtia kwenye beseni, sebuleni, saa nne asubuhi jua likiwa limeshapasha chumba. Baba, mimi ninayebeba gunia la unga begani bila kuhema, niliogopa kile kiumbe kuliko ninavyoogopa tanuri. Mtoto mwenye sabuni anateleza kama donge lililozidi mafuta. Nilikuwa naona kila baya linaloweza kutokea, kichwa kinaponyoka, maji yanaingia puani, beseni linapinduka. Mke wangu kutoka chumbani akauliza anayeogeshwa ni mtoto au ni mimi, maana pumzi zangu alikuwa akizisikia hadi kitandani.

Siku ya pili nikapima kwa kiwiko, ya tatu vilevile. Kisha nikazoea, na hofu ilipopungua kiburi kikapata nafasi. Wewe bekarini ulikuwa Koleo, kwa kuwa ulitoa trei tanurini kwa mikono mitupu, na mimi nilipochukua nafasi yako wakaniita Koleo Mdogo. Sijawahi kupata jina lililonifurahisha kama hilo. Maji ya hamira napima kwa vidole, miaka kumi na mbili sasa. Ni kweli miezi ya karibuni donge limekataa kuumuka mara tatu nne, na mara zote nililaumu hamira, nikamrudishia muuzaji pakiti zake na maneno makali juu. Basi siku ya kumi na nne nikaona kiwiko ni cha watu wasio na kazi ya mikono.

Nilimimina ya moto kwanza, kama tunavyofanya kazini, nikayapoza kwa kukadiria, nikatia vidole. Vuguvugu. Nikamshusha mtoto, mguu wa kulia ukatangulia. Ukelele alioutoa bado ninao masikioni, hata sasa ninapoandika. Nilimnyanyua palepale, nikampeleka bombani, nikamwagia mguu maji ya kawaida kikombe baada ya kikombe kwa muda mrefu, nikiomba kwa sauti bila kujua naomba nini. Mke wangu aliita akiuliza kuna nini. Nikasema ana njaa. Kisha nikamfunga vizuri, nikasema nampeleka hospitali wakaangalie kama kitovu kimekauka sawasawa.

Nilimkuta muuguzi yuleyule. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliukagua mguu, akasema ngozi haijatoa lengelenge, nisipake chochote, wala hakutabaki alama. Baada ya hapo akanishika vidole, akavitazama kwa muda. Alijaza maji vikombe viwili vya bati, akaniambia nifumbe macho, nivishike, nimwambie kipi cha moto. Nikasema vimelingana. Akaniambia nifumbue. Kimoja kilikuwa kinatoa mvuke.

Nilirudi nyumbani nikamvalisha mtoto soksi. Kwa siku tisa nimemvalisha soksi, na mama yake alipouliza vipi joto lote hili, nilisema miguu yake inapata baridi. Kumwogesha nimeendelea kwa kiwiko, nikipima mara tano, mara sita, mpaka maji yanapoa na inabidi nianze upya.

Lakini kuna lililonifanya nishike kalamu, Baba. Siku ile pale bombani nilikuwa nimekunja suruali, mguu wa mtoto nimeulaza juu ya goti langu. Wekundu wake uliishia juu kidogo ya kifundo, kwa mstari ulionyooka, pale maji yalipofika. Macho yangu yakateremka hadi mguu wangu mwenyewe. Soksi yangu nayo inaishia kwa mstari. Miaka thelathini na mmoja nimeitazama, sikuwahi kujiuliza ni alama gani ya kuzaliwa inayokatika sawasawa namna hiyo.

Sikuandikii kukushtaki; vidole vyako navyo vilipikwa na tanuri lilelile. Nimekumbuka unavyotia mikono mifukoni watoto wa Dada wakikukimbilia. Nimekumbuka kuwa sina hata siku moja ninayoijua uliyonibeba, na kwamba nimekununia moyoni kwa hilo tangu utotoni. Nilidhani hukututaka. Ile simu uliyomwachia Dada, kumbe ulikuwa umenisikia vizuri tu. Nakuomba unisamehe.

Leo asubuhi nilimvua mtoto soksi mbele ya mama yake, nikasema yote, ya maji, ya njaa ya uongo, ya hospitali. Mguu umeshapona, huwezi kujua upi ni upi. Hata hivyo alilia. Kisha akaniambia nilete beseni. Akaketi kwenye kiti kando ya meza, akatia kiwiko chake, akasema niongeze baridi. Akatia tena. Halafu akaniambia nimshike mtoto, kwa sababu kushika, alisema, najua. Nikamshika.

Njoo, Baba. Dada akupakie kwenye basi la asubuhi, mimi nitakungoja kituoni. Nitakuwekea kiti kizuri sebuleni, saa nne, madirisha yamefungwa. Maji atapima mama yake mtoto. Wewe utashika shingo.

Nisalimie Dada na wanawe wote, na usimruhusu akufiche barua hii kwa kuogopa itakusumbua. Mkweo anakuamkia. Mjukuu wako, ambaye leo yuko miguu mitupu, naye anakuamkia kwa kupiga chafya.

Ni mimi mwanao,

Koleo Mdogo