Masaa Mbili ya Mukwe Wangu

Murara, Goma, Jumatano usiku

"Masaa mbili tu, papa! Nimeangalia kwenye telefone, Goma–Kinshasa ni masaa mbili na kitu. Mama anachelewa nini?" Ndiye mukwe wangu huyo, bwana wa binti yangu Furaha, anapiga toka Kinshasa. Duka nimelijenga peke yangu, leo yeye ananifundisha hesabu.

Nikamuuliza kama telefone yake iko na ndege. Uwanja wetu wa ndege umefungwa, anajua. Mama Furaha, muke wangu, lazima avuke mpaka, aende Kigali, arukie Nairobi, halafu arudishwe nyuma kuelekea Kinshasa, apite tena karibu na kwetu, huko juu ya Bukavu. Siku nzima! Na Ijumaa asubuhi Furaha anapasuliwa ili mutoto atoke.

Kesho mpaka ukichelewa kufunguliwa, ndege ya Kigali inamuacha. Ndiyo maana jioni nimemusindikiza avuke, alale Gisenyi kwa dada yake. Nikamweleza tena namna ya kubadilisha ndege. Akacheka: "Papa Furaha, wewe ulishapanda ya kwenda wapi?"

Sijapanda hata moja.

Sasa hivi Furaha amepiga telefone mwenyewe. "Papa, kweli mama atafika kabla niingie kupasuliwa?"

Nikamwambia atafika. Akauliza saa ngapi. Nikajifanya rezo ya telefone imekatika.